WSDL moja, zana mbili

Terminali mbili zimefunguliwa kwenye skrini moja, ofisi ya ghorofani Kisumu mjini. Zote zimelishwa faili ileile ya WSDL, yaani maelezo ya XML ya huduma ya wavuti: `mikopo.wsdl`, huduma ndogo ya SACCO ya kuulizia salio na kurekodi malipo. Ya kushoto imeendesha `wsdl2java` ya Axis2, amri ya kuzalisha msimbo wa Java kutoka faili hiyo. Ya kulia imeendesha `wsdl2java` ya CXF.

Amri zina jina moja. Msimbo uliotoka ni mbingu na ardhi.

Kwenye skima, sehemu inayoeleza umbo la data, kuna elementi iitwayo `loan_id`, aina yake `xs:int` (namba kamili), na imewekewa `minOccurs="0"`, yaani inaruhusiwa kukosekana. Kushoto imekuwa `getLoan_id()`, inayorudisha `int`. Kulia imekuwa `getLoanId()`, inayorudisha `Integer`. Aliyezoea Java ataona hapo suala la mtindo tu, aseme `sed`, amri ya kubadilisha maandishi, itamaliza kazi kabla chai haijapoa.

Haitamaliza.

Jambo hili limenizunguka kichwani wiki kadhaa, kwa sababu linapojadiliwa huanziwa mwisho. Mradi huria wa huduma za wavuti ukijikuta na zana mbili za kuzalisha msimbo, watu hukaa kuamua ifutwe ipi. Kura hupigwa, moja hufutwa, kisha malalamiko huanza kumiminika. Swali la kutangulia lilikuwa jingine: kila zana imewaahidi nini watu ambao msimbo wake tayari uko kwenye seva zao?

(Nimechukua Axis2 na CXF kwa sababu tofauti zao zinaonekana bila miwani. Hiyo ni miradi miwili ya Apache, kila mmoja na lake. Lakini zana mbili zilizo ndani ya mradi mmoja hukosana palepale zinapokosana hizi.)

## Mafahali wawili, nyasi za jirani

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kwenye programu huria hukaa, tena miaka, maana nyasi hulipiwa na mtu mwingine: mtumiaji aliyeshika zana ambayo haikupata marekebisho ya mwenzake.

Urudufu huu mara nyingi hautokani na uzembe. Wakati mwingine ni miradi imeungana. CXF yenyewe ilizaliwa 2006 kutokana na Celtix, iliyoanzishwa na IONA, na XFire, iliyokuwa Codehaus. Kila upande ulikuja na zana zake, na mbaya zaidi kwa mtu wa kuunganisha, ukaja na watu waliokwisha kuzizoea.

Njia nyingine ni ya kichinichini. Zana ya terminali huandikwa na `main()` ambayo ikimaliza kazi huita `System.exit()`. Ukiwa kwenye terminali hutajua kuna tatizo. Halafu mtu anataka kuiita kutoka Ant au Maven, zana za kujenga programu. Zana inamaliza, inaua JVM nzima, yaani mchakato wa Java unaoendesha kila kitu, na bildi inakatika katikati bila hata neno la kosa. Anayeandika plagini hana muda wa kungoja wenye zana warekebishe. Ananakili mantiki yote kwenye moduli yake, anaondoa mstari ule mmoja, anaendelea na safari.

Tayari zana ni mbili.

Baada ya matoleo machache kila moja ina marekebisho ambayo nyingine haina. Kwa hiyo kabla ya mkutano wowote, endesha `git grep System.exit` kwenye moduli za zana. Ibaki ndani ya `main()` peke yake, tena mstari wa mwisho. Kazi yenyewe iwe kwenye methodi inayorudisha matokeo au kurusha hitilafu. Sababu ya nakala nyingi hufa hapohapo, na plagini inaweza kurudi kuita zana ya kweli.

## Panapouma

Turudi kwenye ile `loan_id`, au tuseme elementi ya malimbikizo, `arrears`, nayo `xs:int` yenye `minOccurs="0"`.

Axis2, usipoiambia vingine, hutumia ADB kugeuza skima kuwa klasi. Kwa ADB, `int` ambayo haikuletwa kwenye ujumbe hujazwa `Integer.MIN_VALUE`, yaani -2147483648, na hiyo ndiyo alama yake ya kusema hakuna kitu. CXF kwa kazi hiyohiyo kwa kawaida hutumia JAXB, ambayo huacha `null`.

Sasa tazama mstari huu ulio kwenye mfumo wa mtu:

`if (jibu.getArrears() > 0) tumaSms();`

Chini ya ADB, mwanachama asiye na malimbikizo huja na ile nambari hasi kubwa. Si zaidi ya sifuri, SMS haitumwi, kila mtu analala vizuri. Mwenye mfumo hata hajui kwamba nambari hiyo ipo. Mhamishe kwenye JAXB: mstari unakompaili bila onyo, majaribio yenye data kamili yanapita, kisha mwanachama wa kwanza asiye na malimbikizo anaangusha kazi ya usiku kwa `NullPointerException`. Java imejaribu kugeuza `null` kuwa `int`.

Kinyume chake ni salama kidogo. Msimbo wenye `== null` ukikutana na `int` hukataa kukompaili. Hitilafu inayojitangaza saa nne asubuhi mezani ni nafuu kuliko ile inayongoja saa nane usiku.

Tarehe zina hila yake. `xs:date` kwa ADB huwa `java.util.Date`, kwa JAXB huwa `XMLGregorianCalendar`. Ya pili huhifadhi tarehe bila saa za eneo kama ujumbe haukuzitaja. Ya kwanza ni nukta moja kamili ya wakati, lazima iwe na saa. Sisi tuko UTC+3. Usiku wa manane wa kuamkia 1 Machi 2023 hapa Kisumu ni saa tatu usiku ya 28 Februari kwa UTC. Mashine ya mwandishi wa msimbo iko saa za Nairobi, kontena kwenye seva liko UTC, mtu anageuza `Date` kuwa maandishi upande wa pili, na tarehe ya mwisho ya kulipa mkopo imerudi nyuma siku moja. Mwanachama atatozwa faini akiwa hajachelewa, na atakuja ofisini na risiti mkononi.

Orodha pia. Elementi yenye `maxOccurs="unbounded"`, inayoweza kurudiwa bila kikomo, kwa ADB huwa safu yenye `setMalipo(Malipo[])`, na isipokuwepo unaweza kupewa `null`. JAXB haitengenezi seta, methodi ya kuweka thamani, kabisa: unaita `getMalipo()`, unapewa orodha hai, unaongeza humohumo, na haiwi `null` kamwe. Kila `setMalipo` iliyoandikwa na mtumiaji lazima iandikwe upya kwa mkono. Hakuna kiolezo kitakachomwokoa.

## Ugomvi wa violezo

Mijadala mingi niliyosoma kuhusu kuunganisha zana hizi huishia kwenye violezo, faili zinazopanga sura ya msimbo unaoandikwa. CXF hutumia injini ya violezo ya Velocity. Axis2 hutengeneza XML ya katikati kisha huipitisha kwenye XSLT, lugha ya kugeuza XML. Wapenzi wa kila upande wana hoja, na hoja hizo zinaweza kujaza mchana mzima bila kumgusa mtu wa SMS hapo juu hata kidogo.

Kiolezo ni hatua ya mwisho. Kinapofikiwa, jina la methodi limeshaamuliwa, pakeji imeshaamuliwa, aina ya Java imeshaamuliwa. Kazi yake ni kupanga mabano.

Maamuzi hufanyika mapema, baada tu ya WSDL kusomwa. Na hapo kuna jambo lililonishangaza nilipoliangalia kwa utulivu: sehemu ya kusoma mara nyingi inafanana tayari. Axis2 na CXF zote husoma WSDL 1.1 kwa maktaba ya wsdl4j, na zote hutumia XmlSchema ya Apache kuelewa skima. Zinaanza kuachana zinapojenga modeli yao ya ndani. CXF hata yenyewe husoma skima mara mbili, maana XJC, zana ya JAXB ya kuzalisha klasi, ina msomaji wake wa skima ndani.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza ifutwe ipi. Kinachoweza kuwa kimoja ni msomaji, yaani ile sehemu ya kusoma WSDL, na modeli. Kinachoweza kubaki viwili, bila aibu yoyote, ni umbo la msimbo unaotoka.

CXF ilichukua njia hiyo. Swichi ya `-fe` huchagua mtindo wa interfesi, `-db` huchagua namna ya kugeuza data, na nyuma yake kuna modeli moja ya huduma, operesheni na baindingi. Upande wa Java kwenda WSDL napo `java2wsdl` ilipisha `java2ws`: ukiipa `-wsdl` inatoa WSDL, ukiipa `-wrapperbean` inatoa klasi za kufunika ujumbe, ukiipa `-client` au `-server` inatoa hizo. Amri moja, matokeo unayachagua.

Kuna atakayependekeza zana ya tatu, safi, iliyoandikwa upya. Mkatalie kwa upole. Mradi ulioshindwa kufuta moja kati ya mbili utashindwa kufuta mbili kati ya tatu.

## Msomaji yupi abaki

Usiamue kwa idadi ya vipengele kwenye nyaraka. Kusanya WSDL mbovu, zile za kweli zilizochokesha watu, uzipitishe kwa wasomaji wote wawili. Mkusanyo wangu ungekuwa na hizi angalau:

Kwanza mitindo ya kupanga ujumbe: ya document/literal yenye kifuniko, na nyingine isiyo na kifuniko. Ya rpc/literal. Moja ya rpc/encoded, hata kama hamuiauni, ili kuona zana inakataaje: CXF husema wazi kwamba mtindo huo haukubaliki kwenye JAX-WS, na ujumbe wa namna hiyo una thamani kuliko ukurasa mzima wa stack trace. Skima mbili zenye namespace moja. Skima inayoagiza nyingine ambayo nayo inaiagiza ya kwanza. Elementi iitwayo `class`. Elementi mbili zinazotofautiana kwa alama ya chini tu, `loan_id` na `loanId`, ambazo kwa kanuni za kawaida za JAXB hudai jina moja. Aina mbili zinazotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo peke yake, kwa sababu kwenye Linux unaweza kupata faili mbili, na kwenye Windows moja ikaifuta nyingine kimyakimya.

Na moja inayoagiza skima kutoka seva ya mbali. Hii wengi huisahau kwa kuwa kwao mtandao haukatiki. Huku kwetu, umeme ukipotea kule kwenye seva au bando likiisha hapa, bildi inaganda ikingoja faili ya `.xsd` ambayo haijabadilika miaka kumi. Msomaji anayebaki lazima aheshimu katalogi: faili ya `META-INF/jax-ws-catalog.xml` inayosema anwani fulani isomwe kutoka folda ya mradi. Jaribu ukiwa umechomoa waya wa mtandao. Zana isiyoweza kufanya kazi hivyo isiwe ndiyo iliyobaki.

Anayeshinda ni yule anayekataa mapema na kwa maneno yanayoeleweka. Msomaji mpole anayekubali kila kitu hutoa msimbo unaokompaili na kutuma ujumbe usio sahihi, kisha lawama zinakwenda kwa mwenye seva.

## Kulinganisha bila kelele

Ukishakuwa na mkusanyo, zalisha msimbo kwa zana zote mbili, uuweke kwenye ripo kama kipimo, kisha kila badiliko la kuunganisha lipitishwe hapo. Rahisi kusema. `diff`, yaani ulinganisho wa faili, ya kwanza itakuletea maelfu ya mistari na karibu yote ni takataka.

Ondoa kwanza saa. Zana nyingi huandika tarehe ya kuzalishwa juu ya kila faili. CXF ina `-suppress-generated-date`, XJC ina `-no-header`. Kisha mpangilio: kama mahali fulani modeli imewekwa kwenye `HashMap`, methodi zitabadilisha nafasi ukibadilisha toleo la Java, hata wakati mwingine bila hilo. Weka `LinkedHashMap` kama unataka mfuatano wa kwenye WSDL, na ndio mfuatano ambao mtu anayesoma anautarajia. Kisha miisho ya mistari, LF kote. Kisha usimbaji: kabla ya Java 18 usimbaji wa kawaida ulitegemea mashine, kwa hiyo maelezo yenye herufi zisizo za ASCII yalitoka vingine Windows na vingine Linux. Taja UTF-8 kila mahali faili inapofunguliwa kuandikwa.

Baada ya hapo, `diff` inakuwa na maana. Lakini usiishie hapo. Kompaili matokeo, halafu chukua ujumbe wa XML, usome kwa klasi zilizozalishwa, uuandike tena, ulinganishe XML mbili. Elementi iliyokosekana ibaki imekosekana. Elementi yenye `xsi:nil="true"`, iliyopo lakini imetangazwa kuwa tupu, ibaki hivyo. Jaribio hili dogo ndilo linalomkamata -2147483648 kabla hajafika kwa mhasibu.

## `-d` si `-d`

Amri ya zamani iendelee kuwepo kama ganda jembamba linalotafsiri swichi na kuita zana mpya. Kazi ya siku moja, watu husema.

Kwenye Axis2, `-d adb` maana yake chagua ADB. Kwenye CXF, `-d` ni folda ya kutolea msimbo. Peleka swichi jinsi zilivyo na utapata folda mpya iitwayo `adb`, imejaa msimbo wa JAXB, na hakuna kosa lolote lililoripotiwa. Folda ya kutolea kwenye Axis2 ni `-o`. Swichi ya `-p` ni pakeji kwa zote mbili, ila CXF inakubali pia namespace na alama ya usawa mbele yake. `-u` ya Axis2 hutoa klasi za data nje ya stub, klasi ya kuita huduma. Upande wa JAXB klasi hizo ziko nje tangu mwanzo, kwa hiyo ganda liipokee na kuinyamazia.

Andika jedwali la swichi zote kabla ya kuandika msimbo wa ganda. Kila swichi ipate hali moja kati ya tatu: inatafsiriwa, inapuuzwa kwa onyo, au inakataliwa kwa kosa. Isiwepo ya nne, ile ya kupita bila kuonekana.

Namba ya kutoka pia ni ahadi. Zana ya zamani ikirudisha 1 ikishindwa na ganda likarudisha 0, Jenkins, seva ya kuendesha bildi, itaweka alama ya kijani juu ya bildi iliyokufa. Na maonyo yaende `stderr`, mkondo wa makosa, maana kuna watu wenye skripti zinazosoma `stdout`, mkondo wa matokeo, mstari kwa mstari. Wapo. Ukitaka kuwajua, badilisha mstari mmoja.

Chaguo-msingi ziishi ndani ya zana. Sehemu kubwa ya malalamiko kwamba Maven inatoa tofauti na terminali ni ya hapa: plagini imejiwekea thamani zake, Ant zake, skripti ya `bin` zake. Plagini iache tupu kile ambacho mtumiaji hakukijaza, zana iamue.

## Muda wa kuaga

Java yenyewe ilitoa kipimo. `wsimport`, zana yake ya kuzalisha msimbo kutoka WSDL, na wenzake walitangazwa kuwa wanaondoka kwenye Java 9 mwaka 2017, wakaondolewa kwenye Java 11 Septemba 2018. Tangazo lilikuwepo, lakini wengi walitoka Java 8 moja kwa moja hadi 11 na hawakuliona onyo hata mara moja. Kwa hiyo onyo likiwekwa kwenye toleo moja tu la katikati, hesabu kwamba nusu ya watu wataliruka.

Tangu Daraja, API ya Safaricom ya M-Pesa, ije 2017, vijana wengi wanaoanza kuunganisha malipo hukutana na JSON tu na kudhani SOAP, mfumo wa ujumbe wa XML ambao WSDL hizi huueleza, imezikwa. Haijazikwa. Iko kwenye benki, iko kwenye bima, na iko kwenye mifumo ambayo mtu aliyeiandika alishahama zamani. Wanaoitunza mifumo hiyo hawasomi orodha ya barua ya mradi. Onyo lao liwe ndani ya matokeo ya amri, lenye jina la swichi mpya kamili wanayoweza kunakili na kubandika.

Wengine wamehariri msimbo uliozalishwa kwa mkono. Hakuna zana inayoweza kuwasaidia moja kwa moja. Waambie wazalishe kwa toleo la zamani kwenye folda tupu, wachukue `diff` dhidi ya walichonacho, na mistari hiyo michache waihamishie kwenye klasi yao wenyewe. Baadaye msimbo uliozalishwa ukae `target/generated-sources`, nje ya ripo.

Siku ya kufuta yenyewe, moduli ya zamani ina mizizi mingi kuliko folda yake. Kuna `<module>` kwenye `pom.xml` ya juu, kuna utegemezi kwenye plagini, kuna mfano kwenye folda ya sampuli unaoita amri ya zamani, kuna ukurasa wa nyaraka, kuna violezo vilivyobaki kwenye `resources` ambavyo hakuna anayevisoma tena. Tafuta jina la pakeji, si jina la klasi peke yake, kwa sababu baadhi ya klasi huitwa kwa maandishi ndani ya faili za usanidi na kompaila haitalalamika. Na kwenye folda ya `bin`, pamoja na skripti ya Linux, kuna ndugu yake ya `.bat`, ambayo kwa kawaida ndiyo inayosahaulika.